Karani wa Ugonjwa Wangu Mwenyewe

Wacha nianze na ujinga wangu, kwa sababu nisipousema mimi, dadangu Moraa atausema, na yeye akisimulia kitu huongeza chumvi mpaka mchuzi hauliki. Kwa muda wa wiki saba nilikuwa natema dawa yangu kwenye shamba letu la majani chai. Halafu kila Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa najaza fomu ya daktari kwa niaba ya mama, nikiandika kwamba nimemeza kila siku ila dawa yenyewe haifanyi kazi hata kidogo. Nilijiona mjanja. Mjanja huyo ndiye aliyekuja kulazwa kwenye kitanda cha dispensari na viatu vyake miguuni, moyo ukimpiga kifuani kama mtu anayegonga mlango akikimbizwa na mbwa.

Jina langu ni Bosire. Niko kidato cha pili katika shule ya kutwa, kule juu milimani ukiiacha Masimba. Ugonjwa wangu una herufi nne, ADHD. Usiniulize maana yake ya kitaalamu. Daktari alieleza vizuri sana, na wakati huo mimi nilikuwa nahesabu matundu ya dari. Ninachojua ni hiki: mwalimu akianza sentensi, mimi nafika mwisho wake nikiwa nimepitia dirishani, nimemfuata ng'ombe anayepita, na nimerudi bila ng'ombe na bila sentensi.

Kama umekaa kwenye benchi mahali fulani ukingoja mtoto wako aitwe, au wewe ndiwe huyo mtoto na umeshachoka kukaa, haya ni yako. Sitakuambia umeze dawa gani. Nitakuambia tu vile zilinifanya, na vile mimi nilizifanya.

Safari ilianzia hospitali ya Nyamira, mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza. Shule ilikuwa imenisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilifunga kamba ya kengele juu ya mti, watu wakakosa chakula cha mchana kwa nusu saa. Mara ya pili nilipanda paa la maabara kutoa mpira, na mtihani ulikuwa unaendelea chini yangu. Naibu mwalimu mkuu alimwambia mama, "Mara ya tatu, mama, hatutaandika barua. Utamchukua tu uende naye." Tata, yaani babangu, ni seremala pale Masimba. Yeye hakuona shida yoyote. "Mlete huku karakana. Nitampa randa, atatulia. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na fimbo ilinitosha."

Mama alimtazama akamwambia, "Ilikutosha wapi? Hata sasa kiti hukikalii."

Basi tukaenda Nyamira. Tulifika saa mbili asubuhi, tukaitwa saa nane. Kwa mtu kama mimi, saa sita kwenye benchi ni kifungo. Nilisoma mabango yote ya ukutani kwa sauti ya kasisi, kuanzia chandarua mpaka kuharisha, na wagonjwa wakawa wanajibu "Amina". Askari wa mlangoni akanitoa nje. Niliporudi, mama alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye, ambaye hatukuwa tunamjua, alimkatia ndizi nusu, akamwambia, "Wangu alikuwa mbaya kuliko huyu, na sasa anafuga nyuki." Sijui mama alipata faraja gani kwa nyuki, lakini aliila ile ndizi.

Daktari wa Nyamira ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda Kisii mjini, kwa daktari wa watoto wenye shida kama yangu. Anaitwa Daktari Kerubo. Ana sauti ya chini, na hakuniambia nikae. Alinipa kamba ya kiatu nifunge na kufungua wakati wao wanaongea. Alimwambia mama maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa sababu yalikuja kuniumiza baadaye:

"Hakuna dawa moja ya kila mtoto. Tutajaribu moja, tuangalie, halafu nyingine, tulinganishe. Mimi namwona nusu saa kwa mwezi. Wewe uko naye kila siku. Vile utaandika kwenye fomu, ndivyo nitafuata."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Je, mtoto huacha kazi kabla haijaisha? Je, anakula? Je, analala? Jaza sifuri mpaka tatu. Mama aliacha shule darasa la nne. Biblia ya Ekegusii, lugha yetu, anaisoma bila kusita, Kiswahili anasoma kwa kidole, Kiingereza hapana. Tata alikuwa ameapa hatatia mkono kwenye mambo ya vidonge. Moraa yuko gredi ya tatu. Na kwetu, ukimpelekea jirani karatasi ya hospitali akusomee, kabla ya jioni kanisa lote linakuombea kwa jina. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza mama aliketi mlangoni, akaniwekea fomu magotini, akasema, "Nisomee, na uandike vile nitakwambia."

Hivyo ndivyo mgonjwa alivyofanywa karani wa ugonjwa wake.

Mwanzoni nilikuwa karani mwaminifu, lazima niseme. Dawa ya kwanza ilikuwa methylphenidate, ile inayofanya kazi kwa muda mfupi. Mimi niliiita Fupi. Tuliianza mwezi wa tatu, mvua ya masika ikinyesha hadi majani chai yanamshinda mama kuchuma. Unameza asubuhi, unameza tena mchana. Siku ya tatu nilikuwa darasani, nikasikia kitu cha ajabu: nikamsikia mwalimu. Ni kama jirani mwenye redio kubwa ameizima, na wewe hukujua kwamba ulikuwa unaishi karibu na redio.

Lakini Fupi ilikuwa na mambo yake. Ya mchana ilikaa kwenye droo ya mwalimu wangu wa darasa, Mwalimu Mokua. Kila siku saa saba lazima nipite mbele ya walimu wote wanaokula, nifungue mkono, nipewe. Njaa ilikatika. Githeri, mahindi na maharagwe niliyokuwa napigania zamani, ikawa kama kokoto za barabara. Na saa kumi jioni, dawa ikiisha mwilini, nilikuwa nashuka kwa kishindo. Siku moja Moraa aliniuliza tu, "Umeona raba yangu?" nikalia. Kijana wa miaka kumi na mitano analilia raba ambayo si yake. Mama aliniambia nikapulize moto jikoni, ili niwe na sababu ya kuwa na macho mekundu ya moshi. Huo ndio upole wake, hauji na maneno.

Tukaandika yote. Daktari Kerubo akasoma, akasema tujaribu njia nyingine.

Dawa ya pili ilikuwa kapsuli, atomoxetine. Hiyo haina haraka kabisa. Daktari alituonya kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hatujaona kitu, na kweli, mwezi wa tano wote nilikuwa nameza na kungoja kama mtu aliyepanda mahindi. Kichefuchefu ndicho kilichotangulia. Nikiimeza bila chakula tumboni, basi. Siku moja nilitapikia kiatu cha Mwalimu Mokua, na tangu hapo akawa ananisalimia akiwa mbali. Kilio cha jioni kilikwisha, hilo nilishukuru. Ila nilikuwa nalala darasani, nikilala na kitabu wazi na kalamu mkononi, nimekaa wima. Mama aliniangalia mwishoni mwa mwezi wa sita, akaniuliza, "Sasa wewe umetulia au umelala?" Nikamwambia, "Andika vyote viwili." Akasema, "Wewe ndiye unaandika."

Na nisiiseme vibaya kapsuli. Pale kliniki kuna msichana wa Marani anayeimeza hiyohiyo. Fupi ilikuwa inamtetemesha vidole, na kapsuli imemtoshea kama kiatu. Mimi ndiye ilinilaza. Mwili wa mtu mwingine si wako.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu na baridi, chai ikakataa kukua, na mimi nikapewa dawa ya tatu: methylphenidate tena, lakini ile inayojiachilia polepole. Nikaiita Refu. Unameza moja asubuhi baada ya uji, inakubeba mpaka jioni. Hakuna droo ya Mwalimu Mokua, hakuna kuanguka kwa kishindo. Daktari alianza na kipimo cha chini kabisa. Usingizi ulichelewa kidogo, na mshipi wangu uliongezwa tundu. Lakini wiki ile ya kwanza nilimaliza zoezi la hesabu. Lote. Mwalimu alilitazama nyuma na mbele akitafuta aliyeliandika.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu, na ni pahali ambapo hakuna aliyenionya.

Refu ilifanya kazi, na hicho ndicho kilichoniogopesha. Darasani kwetu kuna wakati watu hunigeukia. Mwalimu akisema jambo la kizembe, vichwa arobaini vinageuka nyuma kuangalia Bosire atasema nini. Wiki ile viligeuka, nami nilikuwa nasikiliza swali. Nilitafuta utani kichwani, nikakuta pamefagiwa. Rafiki yangu Nyabuto akanikaribia wakati wa mapumziko: "Msee, ulikufa lini? Mbona hatukuitwa mazishi?" Wote wakacheka. Mimi nilicheka nimechelewa, kama mtu anayesubiri mkalimani.

Ninyi mnaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi sikuwa na kitu kingine. Sikuwa na alama, sikuwa na mpira, nilikuwa na mdomo. Nikajiuliza: kama hiki kidonge kinachukua mdomo, nani anabaki?

Basi wiki ya pili nikaanza. Kidonge chini ya ulimi, maji juu, "Nimemeza, mama," halafu natoka kwenda chooni, na njia ya chooni inapita katikati ya chai. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Daktari akiona Refu imeshindwa, na Fupi ilishindwa, na kapsuli ilishindwa, atasema dawa zimekwisha, aniache. Kwa hiyo Jumapili nikiisoma fomu, nilikuwa nasoma yangu. Imeandikwa, "Je, mtoto amepoteza hamu ya chakula?" Mimi namuuliza mama kwa Ekegusii, "Bosire anapenda mboga zako za chinsaga?" Mama anasema, "Sana." Naandika vile nataka. Swali la kutulia, nilijaza tatu, maana yake mbaya sana. Na Mwalimu Mokua naye kwenye fomu yake aliandika ukweli, kwamba nimerudia vituko vyangu. Ushahidi ukapatana.

Nilichosahau ni kwamba daktari akiona dawa haifanyi kazi na haimdhuru mtoto, haachi. Anaongeza.

Aliongeza mwezi wa nane. Nikatema hiyo pia. Muhula wa tatu ulipofunguliwa akasoma fomu tena, akakunja uso, akaongeza mara ya pili. Nilikuwa nimekaa hapo. Nilisikia akisema, "Mama, una uhakika anameza kila siku?" na mama akajibu kwa kiburi ambacho sijawahi kumsikia nacho, "Daktari, mimi mwenyewe ndiye nampa. Na fomu ni sisi wawili tunajaza, hatukosi Jumapili." Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Dawa tulikuwa tunanunua kwa mzee mmoja Mhindi mwenye kemisti mjini. Familia yake imekuwa na duka hapo tangu kabla Tata hajazaliwa, na kila mtu anamwita Bhai. Anaongea Ekegusii kuliko mimi. Nyuma ya kaunta ana udi unaofuka mbele ya picha ya miungu wake, na kando yake kalenda ya kanisa letu, zawadi ya mteja. Alisoma karatasi ya daktari, akavua miwani, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mama Bosire, hii imepanda mara mbili na kijana hajabadilika?"

"Hajabadilika, Bhai."

"Mimi sina ubishi na daktari. Lakini nimeuza dawa miaka mingi, na vijana nawajua. Asubuhi akishameza, mwambie afungue mdomo, ainue ulimi. Uangalie kule chini."

Mama alikasirika kidogo. "Wangu ni mtundu, Bhai, lakini si mwongo."

"Sijasema mwongo," Bhai alisema. "Nimesema ulimi."

Tulirudi nyumbani. Siku mbili zilizofuata zilikuwa za mwisho wa wiki, na mama alimalizia vidonge vya zamani. Jumatatu asubuhi alifungua pakiti mpya. Nilichukua kidonge, nikaweka chini ya ulimi, nikanywa maji, nikasema, "Nimemeza." Mama alikuwa tayari na kikapu cha chai mgongoni. Akakiweka chini.

"Fungua mdomo."

"Mama, nachelewa."

"Fungua, Bosire. Si kwa sababu sikuamini. Ili nimwambie Bhai nimeangalia."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, na alikuwa ameniwekea mlango wazi kabisa. Mwili wangu ulikuwa haujaonja hata cha kwanza kwa wiki saba, na hiki kilikuwa kimeongezwa mara mbili. Nilijua. Lakini kusema maana yake ni kusema vyote, na mama alikuwa amesimama hapo akiniamini na kikapu miguuni. Nilimeza. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Akaangalia, akatabasamu, akabeba kikapu chake akaenda.

Nusu saa baadaye niko njiani, nikaanza kuhisi mikono si yangu. Paredi ya Jumatatu, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa, na mimi moyo unanipigia ngoma ambayo haiendi na wimbo. Jasho kwenye baridi ile. Mdomo mkavu kama unga. Nilihisi kila mtu ananiangalia, na kweli walikuwa wananiangalia, kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nyabuto akacheka, "Bosire leo amekuja na sarakasi." Nilitaka kumwambia si utani, lakini mtu akishajulikana kwa utani, hata akifa watu hungoja amalizie. Nilikaa chini kwenye nyasi. Mwalimu Mokua ndiye aliyekuja mbio. Aliniangalia macho, akaniinua, tukateremka naye hadi dispensari, mkono wake umenishika kwapani.

Daktari wa pale alikuwa kijana. Alinifunga ule mpira wa kupimia presha mkononi, akaangalia, akafunga tena. "Umekula nini? Miraa? Bangi? Sema, sikupeleki polisi." Nikamwambia dawa ya hospitali, na jina lake, na kwamba ni ya asubuhi. Akatoka kupiga simu. Nililala nikitazama paa la mabati na kusikiliza moyo. Kama hujawahi kusikiliza moyo wako ukiwa na hofu kwamba unaweza kuacha, usiombe. Sikuwa na utani hata mmoja. Hakuna kidonge kilichouchukua wakati huo, ni hofu tu.

Mama alifika na majani chai kwenye nywele. Tata alifika nyuma yake na vumbi la mbao. Na kabla hajaniangalia mimi, Tata alimgeukia mama.

"Nilisema au sikusema? Nilisema hizo dawa zitaniulia mtoto. Nani alimpa?"

"Mimi," mama alisema.

"Nani alienda Kisii mara tano?"

"Ni mimi."

"Basi leo zimeisha. Akitoka hapa akiwa mzima, anakuja karakana. Shule imeisha na dawa zimeisha."

Mama alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa vidole vyake vyeusi vya utomvu wa chai. Akasema polepole, si kwa Tata, kwa daktari kijana: "Mimi ndiye nimemuumiza. Nilimwangalia mpaka akameza."

Wakati huohuo yule daktari alikuwa na simu sikioni, Daktari Kerubo yuko upande wa pili. Akauliza, "Daktari wake anataka kujua kitu kimoja kabla hajatuambia la kufanya. Hicho kipimo cha zamani, alikuwa anakimeza kila siku?"

"Kila siku," mama akasema. "Tumeandika."

Sijui kama umewahi kuona mtu anajifungia mlango mwenyewe kwa ajili yako. Mama alikuwa anabeba kosa langu, na zaidi ya hapo alikuwa anawaambia madaktari uongo wangu kama ukweli wake, na wao walikuwa karibu kuufuata.

Nilisema kwa Ekegusii, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata mahali pa kujificha. Nilisema sikumeza. Wiki saba sikumeza. Nilisema kuhusu chai, nikasema kuhusu fomu, maswali niliyokuwa nayageuza, namba nilizokuwa nazijaza. Mwalimu Mokua, ambaye alikuwa mlangoni, alitoka nje. Daktari kijana aliyarudia kwenye simu, akasikiliza, akasema, "Sawa. Sawa. Hiyo inabadilisha." Halafu akanigeukia: nisimeze tena, ninywe maji, niangaliwe kila baada ya muda, na mchana nipelekwe Kisii nipimwe moyo.

Tata alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Alikaa. Nilimwona kwa mara ya kwanza amekaa muda mrefu bila kugusa kitu. Mama aliachilia kile chuma, akafunga kitambaa chake upya, akatoka.

Kisii walinibandika waya kifuani, mashine ikachora milima kwenye karatasi. Daktari Kerubo akasema moyo wenyewe ni mzima, ni mwili uliopigwa na kitu ambacho haukuwa umezoeshwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini, nami nikamwambia habari za vichwa arobaini vinavyogeuka. Akaandika. Akasema, "Hilo nalo lilikuwa linatakiwa kwenye fomu. Ukiniambia dawa inakufanya usijijue, mimi nabadilisha. Huo si ujinga, ni dalili." Nilijisikia mjinga mara mbili.

Tulikaa siku kumi na sita bila kidonge chochote, mwili upumzike. Na siku hizo kumi na sita mama hakunisemesha. Si kwamba alinuna. Alipika, alifua, aliniwekea maji ya kuoga. Lakini maneno yote yalipitia kwa Moraa, hata kama nimekaa karibu naye hivi. "Moraa, mwambie kaka yako obokima, ugali wake, iko tayari." Na Moraa, ambaye hajawahi kufurahia kazi namna hiyo, anageuka: "Mama amesema uje ule. Na pia amesema uniachie nyama." Nilikuwa naacha nyama. Niliita, "Mama," mara nyingi, na mama akawa ana kazi nyingine. Tata ndiye aliyeanza kuongea na mimi, akaniambia tukiwa wawili, "Mimi nilimlaumu mtu ambaye hakukosa. Na wewe uliniacha nimlaumu kwa dakika nzima." Suala la karakana hakulirudia.

Kwa wanaotaka kujua mwisho wa kulinganisha: tulianza Refu upya, kipimo kile cha chini kabisa, na safari hii nilimeza. Tulipandisha kidogo mara moja, tukasimama hapo. Nakula vizuri asubuhi kabla ya kumeza na jioni baada ya kuisha, mchana najilazimisha. Usingizi bado unachelewa. Utani umerudi, ingawa sasa unapita kwanza mahali fulani kichwani na kuulizwa unaenda wapi, na ninyi mngesikia, mngesema umekuwa mzuri zaidi. Nyabuto anasema hapana. Naibu mwalimu mkuu hajamwita mama tangu wakati huo. Na kama yako si Refu, ni Fupi au kapsuli au kingine, sawa. Ila usiiteme, na usimjazie mtu mwingine fomu kwa mambo ambayo macho yake hayakuona. Kikikusumbua, sema kinavyokusumbua.

Lakini hayo yote yalikuwa hayajatokea siku ile ya kumi na saba, tulipokuwa tumekaa kliniki Kisii kungoja kuanza upya, mama mwisho huu wa benchi na mimi mwisho ule, katikati pamebaki nafasi ya watu wawili na hakuna aliyekaa. Sista, yaani nesi wa kliniki, alikuja na fomu mpya, kurasa mbili, Kiingereza kilekile. Nafikiri Daktari Kerubo alikuwa amemwambia, kwa sababu alikaa kwenye ile nafasi ya katikati, akatoa kalamu, akasema kwa upole, "Mama, leo mimi nitakusomea na kukujazia. Usijali." Mama alichukua ile fomu mkononi mwake. Akaitazama kama anaisoma. Halafu akainyoosha, ikapita mbele ya sista, ikafika kwangu, na alichosema ni hiki, sijaongeza wala kupunguza:

"Asante, sista, lakini msomaji wangu ni huyu, sina mwingine. Wewe Bosire, shika kalamu. Soma polepole, na kama unapanga kunidanganya, niambie sasa hivi nirudi shambani, chai inanizidi."